Kwa Anayeanza Kazi ya Manukuu: Jifunze kwa Fansabu na kwa Hasira za Mashabiki

Vijana wengi wanaoniuliza jinsi ya kuingia katika kazi ya kutafsiri manukuu, yaani maandishi yanayosomwa chini ya picha, wametokea kwenye ushabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, na karibu wote huja na mambo mawili waliyokwisha kuyaamini. La kwanza ni kwamba manukuu ya mashabiki, yaani fansabu, siku zote ni bora kuliko ya kampuni. La pili ni kwamba anime yoyote iliyoingizwa sauti za Kiingereza imeharibiwa. Sitaki uyatupe mambo hayo kabla ya kuyafikiri, kwa kuwa yote mawili yana historia, na historia hiyo ndiyo darasa bora ninalolijua kwa mtu anayetaka kuifanya kazi hii kwa heshima. Kwa kadiri nilivyoielewa baada ya miaka ya kuandika manukuu kwa ujira, kiini cha hasira ya mashabiki dhidi ya sauti za Kiingereza ni kufichwa. Mtazamaji husamehe tafsiri dhaifu, husamehe hata sauti isiyomkaa mhusika. Asichosamehe ni kugundua kwamba amekatiwa na kubadilishiwa bila kuambiwa.

Tuanze na chimbuko la fansabu. Mwaka 1977 mashabiki wa Los Angeles, miongoni mwao Fred Patten, walianzisha klabu ya Cartoon/Fantasy Organization, ambapo watu walikusanyika kutazama kanda zenye Kijapani kitupu huku mwenzao anayekijua kisa akiwasimulia, au karatasi ya muhtasari ikipita mkono kwa mkono. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, kompyuta ya Amiga pamoja na kifaa cha genlock, kinachounganisha picha ya kompyuta na picha ya video, viliwawezesha watu wa kawaida kuweka maandishi juu ya picha wakiwa nyumbani, na programu kama JACOsub ikawasaidia kupanga muda wa kila mstari. Shabiki alituma kanda tupu pamoja na stempu za kurudishia, kisha akasubiri kwa majuma. Mwanzoni mwa kanda nyingi yaliandikwa masharti: kanda isiuzwe wala isikodishwe, na usambazaji ukome pindi kazi hiyo itakapopata leseni.

Ninayaheshimu masharti hayo, kwa sababu yanaonyesha watu waliokuwa na mpaka katika mapenzi yao. Walikuwa wakifungua soko ambalo kampuni zilikuwa hazijaliona, na leseni ilipopatikana wengi wao walijiondoa wenyewe. Hata hivyo imani ya kisheria iliyokuwa nyuma ya masharti hayo haikuwa sahihi, na hapa naomba usome taratibu, maana imani hiyohiyo naisikia Nairobi na Dar es Salaam hadi leo. Walidhani kwamba kazi ya Kijapani ambayo haijapewa leseni katika nchi yao haina ulinzi katika nchi hiyo. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Japani imekuwamo tangu mwaka 1899 na Marekani ilijiunga nao mwaka 1989, humpa mwenye kazi haki ya pekee ya kuitafsiri au kuruhusu itafsiriwe, leseni iwepo isiwepo. Kenya ilijiunga mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo anayeweka manukuu ya Kiswahili kwenye anime na kuisambaza bila ruhusa hana kichaka cha kujifichia kwa sababu tu kampuni haijaleta kazi hiyo huku. Wenye haki walianza kulisema jambo hili waziwazi mwezi Desemba mwaka 2004, pale kampuni ya Kijapani ya Media Factory ilipowaandikia kwa njia ya mawakili baadhi ya makundi ya fansabu na tovuti iliyoorodhesha kazi zao, ikiwataka waache kushughulika na kazi zake. Mwaka 2017 mahakama ya Amsterdam nayo iliamua kwamba kutengeneza na kusambaza manukuu ya mashabiki bila idhini ya mwenye kazi ni kinyume cha sheria, hata kama faili lina maandishi matupu bila video.

Basi ufanyie wapi mazoezi? Chukua filamu fupi za mradi wa Blender, programu huria ya kuchora picha za kompyuta, kama Big Buck Bunny ya mwaka 2008 na Sintel ya mwaka 2010, ambazo zimetolewa kwa leseni huria inayokuruhusu kuzitafsiri na kuzionyesha ukiwataja watengenezaji. Jiunge na watafsiri wa kujitolea wa hotuba za TED, ambako mhakiki mwenye uzoefu atakusahihisha na jina lako litabaki kwenye kazi. Meneja wa miradi akiona faili kumi safi za aina hiyo, atakuamini kuliko akiona mamia ya vipindi ambavyo hawezi hata kukiri kwamba amevitazama.

Kuhusu sauti za Kiingereza, ni lazima ujue hasa kilichotendeka, kwa kuwa mashabiki wengi wa sasa wamerithi hasira bila kurithi sababu zake. Mwaka 1985 filamu ya Hayao Miyazaki iitwayo Nausicaä of the Valley of the Wind, ambayo ilikuwa imetoka Japani mwaka uliotangulia, ilitolewa Marekani kwa jina la Warriors of the Wind ikiwa imepunguzwa zaidi ya dakika 20 na kisa chake kimegeuzwa kuwa cha mapigano ya kawaida. Jeraha hilo halikusahaulika. Wakati wa kuandaa Princess Mononoke kwa ajili ya Marekani, filamu iliyotoka huko mwaka 1999, mtayarishaji wa Miyazaki alimpelekea mkuu wa kampuni ya Miramax upanga pamoja na ujumbe kwamba filamu isikatwe, na haikukatwa.

Mwaka huohuo wa 1985 ndio uliozaa Robotech. Carl Macek na kampuni ya Harmony Gold walichukua tamthilia tatu za Kijapani zisizohusiana, ya kwanza ikiwa Macross yenye vipindi 36, wakaziunganisha kuwa kisa kimoja chenye vipindi 85. Mashabiki wengi walimlaani Macek kwa miaka mingi, na kwa upande wa kisa ninawaelewa. Lakini mtu anayejifunza kazi hii asiishie kwenye laana. Stesheni za televisheni za Marekani zilizonunua tamthilia ya kuonyeshwa kila siku za juma zilihitaji angalau vipindi 65, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyofikisha idadi hiyo. Kwa maneno mengine, sura ya kisa iliamuliwa na ratiba ya muuzaji kabla mwandishi hajashika kalamu. Utakutana na jambo hili katika kila kazi utakayopewa: kuna uamuzi uliokwisha kufanyika juu yako, na usipojua ni upi utapoteza nguvu ukipigana na mtu asiyehusika.

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo ugomvi ulipokolea. Sailor Moon iliingia televisheni ya Marekani mwaka 1995, na vipindi 46 vya msimu wake wa kwanza vikawa 40. Katika sehemu za baadaye, zilizoonyeshwa mwaka 2000, wahusika wawili wa kike ambao katika Kijapani ni wapenzi waligeuzwa kuwa binamu, ingawa michoro iliendelea kuwaonyesha wakitazamana kama zamani, na watoto waliokuwa wakitazama waliona kwamba kuna kitu hakiendani. Cardcaptor Sakura, ambayo msichana ndiye roho yake, ilipangwa upya kwa stesheni ya watoto ya Marekani ili mvulana aonekane shujaa mwenza, na kati ya vipindi 70 huko vilionyeshwa 39 tu. One Piece ilipochukuliwa na kampuni ya 4Kids mwaka 2004, vipindi 143 vya mwanzo vilibanwa vikawa 104, na sigara ya mpishi Sanji ikachorwa upya kuwa peremende ya kijiti. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani ya Funimation iliichukua tamthilia hiyo na kuirekodi upya tangu mwanzo. Sailor Moon nayo ilirekodiwa upya bila kukatwa na Viz Media kuanzia mwaka 2014. Ninaona uzito mkubwa katika ukweli huo wa kurekodi upya, kwa sababu kampuni hailipii kazi ileile mara mbili kwa ajili ya sanaa peke yake: wateja walikuwa wamekataa kununua ile ya kwanza.

Sasa angalia ni nani aliyeamua mabadiliko hayo. Waliolipa walikuwa wakiuza muda wa televisheni ya watoto, vitu vya kuchezea na kadi, na stesheni zilikuwa na kanuni kuhusu tumbaku, damu, kifo na mapenzi. Waigizaji wa sauti walisoma kilichokuwa mbele yao. Walipotoka hadharani, wao ndio waliozomewa, na wengine wamebeba matusi hayo kwa miaka ingawa hawakuwahi kukaa katika kikao kilichoamua lolote. Ukianza kazi hii, tafadhali usiwe miongoni mwa wanaomtukana mwigizaji kwa jambo lililoamuliwa ofisini, na ukipewa wewe agizo la namna hiyo, uliza limetoka kwa nani, omba liandikwe, na pendekeza kwamba toleo hilo litangazwe kuwa limehaririwa. Nimewahi kupewa kazi na kampuni moja iliyotaka mazungumzo ya wazee wawili yapunguzwe ukali kwa ajili ya televisheni ya familia. Nilifanya hivyo, lakini niliomba neno moja liongezwe katika maelezo ya kipindi, kwamba ni toleo lililohaririwa, na ombi langu likakubaliwa bila ubishi. Mara nyingi hakuna anayekataa kumwambia mtazamaji ukweli. Ni kwamba hakuna aliyekumbuka.

Ushahidi kwamba kufichwa ndiko kunakochoma uko katika kazi mbili zilizopokewa vizuri. Cowboy Bebop, tamthilia ya mwaka 1998, ilipata sauti za Kiingereza ambazo hata wapenzi wakubwa wa Kijapani huzisifu, kwa kuwa skripti ilikishika kisa na waigizaji walipewa nafasi ya kuwajua wahusika wao. Kazi ya pili ni Ghost Stories, ambayo kampuni ya ADV Films iliiingizia mwaka 2005 sauti za Kiingereza za mzaha mtupu, zisizofanana kabisa na maneno ya Kijapani. Kama tatizo la mashabiki lingekuwa mabadiliko peke yake, kazi hiyo ingechukiwa kuliko zote. Ilipendwa, kwa sababu mzaha ulijulikana wazi kuwa ni mzaha, na diski ileile ilikuwa na sauti za Kijapani pamoja na manukuu ya kweli kwa aliyeyataka.

Diski za DVD zilibadilisha mengi katika suala hili. Zama za kanda, toleo la manukuu na toleo la sauti ya Kiingereza viliuzwa mbalimbali, na la manukuu kwa kawaida lilikuwa ghali zaidi, hata mashabiki wakaona kwamba wanatozwa faini kwa kutaka kazi halisi. Diski ikaweka vyote pamoja. Lakini pia ikazaa ujanja mpya, ambao hadi leo huwaudhi watazamaji: kampuni kuchukua skripti ya sauti za Kiingereza na kuiweka kama manukuu chini ya sauti za Kijapani. Mtazamaji anasikia jina likitajwa, na maandishi hayana jina hilo. Anasikia ukimya, na maandishi yanasema jambo. Ukiagizwa kufanya hivyo, kataa kwa adabu na ueleze sababu. Skripti ya sauti imeandikwa kwa ajili ya midomo, na manukuu yameandikwa kwa ajili ya macho. Hizo ni kazi mbili zenye malipo mawili.

Jinsi skripti ya sauti inavyoandikwa ni jambo ambalo wanaoanza hawalijui vya kutosha, na kutolijua huwafanya wakosoaji wasio waadilifu. Mtafsiri hutoa kwanza maana ya Kijapani. Mwandishi wa skripti ya sauti huichukua na kuipima dhidi ya midomo ya mchoro: mdomo ukifunguka kwa sekunde mbili, sauti nayo lazima ijaze sekunde mbili, na mwisho wa sentensi uangukie pale mdomo unapofunga. Kisha mwigizaji huingia studio. Japani waigizaji wa tukio moja kwa desturi husimama pamoja mbele ya maikrofoni na kujibizana, ilhali Marekani mara nyingi kila mmoja hurekodi peke yake, akijibu sauti ambayo pengine bado haijarekodiwa. Ugumu wa mazungumzo ambao mashabiki huulalamikia mara nyingi unatokana na upweke huo wa studio kuliko uwezo wa mwigizaji. Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo mwandishi wa skripti huvuka mpaka wake kwa hiari. Mwaka 2017, katika sauti za Kiingereza za Miss Kobayashi's Dragon Maid, mhusika aliyeulizwa kwa nini amebadilisha mavazi alipewa jibu lenye lawama dhidi ya mfumo dume ambalo halikuwamo katika Kijapani. Mtu anaweza kukubaliana na lawama hiyo au kutokubaliana nayo, lakini mhusika hakuisema, na mjadala uliofuata uliwaumiza watu wengi kwa ajili ya mstari mmoja. Maoni yako ya maisha yana mahali pake. Mahali hapo si kinywani mwa mhusika wa mtu mwingine.

Leseni ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka kwa kudhani ni mambo ya wanasheria. Usiiruke. Anime nyingi humilikiwa na kamati ya uzalishaji, ambamo mchapishaji wa katuni asilia, stesheni ya televisheni, kampuni ya muziki, kampuni ya vitu vya kuchezea na wengineo huweka fedha na kugawana haki. Anayenunua leseni ya nje hulipa kiasi cha chini kilichohakikishwa, kisha hugawana mapato yanayozidi hapo. Mkataba hutaja nchi, lugha, muda, na njia za kuonyesha: televisheni, mtandao, diski, sinema, kila moja kwa bei yake. Muda ukiisha, kazi huondolewa, hata kama manukuu yako bado ni mazuri. Na kila kitu kinachohitaji idhini ya kamati, kuanzia tahajia ya jina la mhusika hadi tafsiri ya jina la kipindi, kinaweza kurudishwa kwako dakika za mwisho.

Mfano ninaoupenda kutumia ni Neon Genesis Evangelion, tamthilia ya miaka 1995 na 1996. Netflix ilipoileta duniani mwezi Juni mwaka 2019, ilikuja na sauti mpya za Kiingereza na manukuu mapya, na wimbo wa mwisho wa vipindi, Fly Me to the Moon, ukawa umeondolewa kwa watazamaji wa nje ya Japani kwa sababu za haki za wimbo. Mashabiki walikasirikia mambo mawili kwa pamoja: kukosekana kwa wimbo, na maneno ya upendo kati ya wahusika wawili wa kiume kutafsiriwa kwa namna iliyoonekana kupoa kuliko ilivyokuwa awali. La kwanza lilikuwa jambo la mkataba ambalo hakuna mtafsiri angeweza kulirekebisha. La pili lilikuwa uamuzi wa tafsiri, wenye hoja pande zote, kwa kuwa neno la Kijapani lililotumika hubeba kupenda kwa namna zaidi ya moja. Mtu anayeanza ajizoeze kutenganisha malalamiko ya namna hizo mbili, ili ajue ni lipi la kujibu na ni lipi la kupeleka kwa mwenye mkataba. Na ukitaka kuona leseni inavyoweza kuifunga kazi, rudi kwa Macross: ugomvi wa haki uliotokana na mikataba ya zama za Robotech ulizuia tamthilia nyingi zilizofuata zisitolewe rasmi nje ya Japani kwa miongo kadhaa, hadi kampuni ya Kijapani ya Bigwest na Harmony Gold zilipotangaza makubaliano mwezi Aprili mwaka 2021.

Kuhusu jinsi fansabu ilivyogeuka kuwa ajira nitasema kwa ufupi. Crunchyroll, tovuti ya kutazamia anime, ilianzishwa mwaka 2006 na wahitimu wa chuo kikuu cha Berkeley, ikikusanya video zilizopakiwa na watumiaji, nyingi zikiwa fansabu zisizo na leseni. Ilipopata mtaji mwaka 2008 wenye haki na kampuni za Marekani walilalamika, na ndipo mwanzoni mwa mwaka 2009 ilipoondoa kazi zisizo na leseni na kuanza kuonyesha Naruto Shippuden kwa makubaliano na stesheni ya TV Tokyo, muda mfupi baada ya kuonyeshwa Japani. Baada ya hapo sababu kubwa ya fansabu, yaani kusubiri, ikapungua nguvu. Mwaka 2021 Sony, kupitia Funimation, ilikamilisha kuinunua Crunchyroll kwa dola bilioni 1.175. Watafsiri waliokuwa wakifanya kazi usiku bila malipo walipata mikataba, lakini pia walipata saa chache za kumaliza kipindi. Kundi la fansabu lilikuwa na mtafsiri, mpanga muda, mhariri, mpanga maandishi ya kwenye picha na mhakiki, kila mmoja akimkosoa mwenzake. Leo unaweza kukuta kazi hizo karibu zote zimewekwa juu ya mtu mmoja. Kilichokuwa kizuri zaidi katika fansabu kilikuwa hao watu watano kugombana juu ya sentensi moja. Tafuta hata mmoja wa kugombana naye.

Nimefika kwenye Kiswahili, ambako ningependa tukae kidogo. Kuingiza sauti za Kiswahili si jambo jipya kwetu: mwaka 2011 televisheni ya TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou kwa sauti za Kiswahili, na watu wengi waliifuata jioni kwa jioni. Katika mabanda ya video, wasimulizi kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya waliwapa watu filamu kwa sauti zao wenyewe, na hakuna aliyedanganyika kwamba ni mwigizaji anayezungumza. Hadhira yetu imekwisha kuzoea kutafsiriwa kwa sauti, na ina masikio makali.

Kwa kazi ya manukuu utapewa mara nyingi faili la Kiingereza lililokwisha kupangwa muda, na utaambiwa utafsiri kutoka humo. Omba sauti ya Kijapani kila mara, hata kama Kijapani chako ni kidogo, na omba orodha ya majina na mahusiano ya wahusika. Kiingereza kinapita juu ya vitu ambavyo Kiswahili kingevibeba bila jasho. Mjapani humwita kijana asiyemjua kwa jina la kaka, na bibi wa jirani kwa jina la bibi, kama tufanyavyo sisi. Kiingereza hakina desturi hiyo, kwa hiyo mtafsiri wa Kiingereza hulifuta neno au huliacha katika Kijapani. Ukitafsiri faili lake bila kusikiliza, utapata watu wasioitana chochote, nasi hatuongei hivyo. Kwa shikamoo nina tahadhari zaidi. Salamu hiyo hudai marahaba, na mhusika mwingine asipoitikia, mtazamaji wetu atadhani kuna ugomvi. Itumie pale tu ambapo picha inaacha nafasi ya kuitikia.

Lipo pia suala la jinsia. Sentensi ya Kijapani mara nyingi haitaji mtendaji, na mwandishi hutumia ukimya huo kuficha kama mtu anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hulazimika kuchagua, na makosa mengi ambayo mashabiki waliyapigia kelele yametoka hapo: mhusika ameitwa mwanamume kwa vipindi kumi, kisha kisa kinafunua vingine. Kiambishi chetu cha nafsi hakichagui. Kwa hiyo usiongeze yule mwanamume au yule dada kwa sababu tu Kiingereza kimekulazimisha kuwaza hivyo. Siri ya mwandishi inaweza kurudi salama katika Kiswahili hata baada ya kupotea njiani.

Kuhusu urefu, mwongozo wa Netflix kwa manukuu ya Kiingereza huruhusu mistari miwili ya herufi 42 kila mmoja, hadi herufi 20 kwa sekunde katika vipindi vya watu wazima, na maandishi yasikae zaidi ya sekunde 7. Wanaoanza hulia kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa vipimo hivyo. Maneno yetu ni marefu, naam, lakini kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Anayeandika “Mimi sikuwa nikijua kwamba wewe utarudi” ametumia herufi 39 pamoja na nafasi, na anayeandika “Sikujua kama utarudi” ametumia 20 na ameeleweka upesi zaidi. Soma kila mstari kwa sauti mbele ya video ukiwa na saa. Kata viwakilishi visivyo na mkazo, punguza ambaye na ambacho pale ambapo virejeshi vya ndani ya kitenzi vinatosheleza, na usivunje mstari kati ya kiunganishi na neno lake.

Kwa malipo, uliza kabla ya kuanza kama dakika zinazohesabiwa ni za video au za kazi, nani analipa marekebisho yanayotoka kwa mwenye leseni baada ya wewe kukabidhi, na kama jina lako litaandikwa mwishoni. Siku hizi ongeza swali la mashine. Mwezi Julai mwaka 2025 manukuu ya Kijerumani ya tamthilia moja kwenye Crunchyroll yalitoka yakiwa na mstari uliotaja kwamba ChatGPT ndiyo imesema, na kampuni ikaeleza kwamba mkandarasi wa nje alikiuka makubaliano. Watazamaji walikasirika kwa namna ileile waliyokasirikia vipindi vilivyokatwa miaka ya tisini. Ukipewa faili la mashine ulisahihishe, sema wazi kwamba utalisahihisha dhidi ya sauti asilia, mstari kwa mstari, na kwamba bei yako kwa kazi hiyo ni ya saa, kwa sababu kuna vipindi ambavyo utalazimika kuvifuta vyote na kuanza upya. Anayekataa masharti hayo mapema amekuokolea juma zima.